Umanjano uliojificha ndani ya mchicha

Ponda majani machache ya mchicha kwenye kinu, yamiminie spiriti kidogo, kisha chovya ncha ya kipande cha karatasi ya kuchujia. Fanya hivyo mbali na moto, na usiache mtoto aonje. Spiriti itapanda karatasi polepole ikibeba rangi, na baada ya muda utaona kijani kimebaki nyuma huku utepe wa njano ukitangulia juu yake. Njano hiyo ni karotini, ileile inayoipa karoti rangi yake. Ilikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo, imefunikwa na kijani. Mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tswett, alizitenganisha rangi za majani kwa njia ya jamii hiyo mwanzoni mwa karne ya 20, ila yeye alizipitisha kwenye mrija uliojazwa unga wa chaki.

Molekuli ya beta-karotini, aina kuu ya karotini, ina atomi 40 za kaboni na 56 za haidrojeni, katika mnyororo mrefu wenye vifungo maradufu 11 (mahali ambapo atomi mbili zimeshikana mara mbili) vinavyopishana na vifungo vya kawaida. Mpangilio huo hufyonza mwanga wa bluu, na macho yetu hubakiziwa njano na rangi ya chungwa. Mmea huitumia kunasa mwanga na pia kujikinga na jua likizidi. Kwa mpishi, jambo kubwa ni kwamba karotini haiyeyuki katika maji. Huyeyuka katika mafuta.

Ndani ya mwili molekuli hiyo hukatwa katikati na kuwa vitamini A, inayotuwezesha kuona kwenye mwanga hafifu na kuimarisha ngozi na kinga. Mtoto aliyepungukiwa nayo huanza kujikwaa jua likizama, na hali ikiachwa anaweza kupofuka kabisa. Sasa angalia hesabu inayotumiwa sana na wataalamu wa lishe: maikrogramu 2 za beta-karotini iliyoyeyushwa katika mafuta huupa mwili maikrogramu 1 ya vitamini A, lakini zikitoka kwenye mboga na matunda zinahitajika 12. Ndani ya jani karotini imeshikamana na protini, nyuma ya kuta za seli. Kupika huifungua, na mafuta huibeba hadi kwenye damu.

Ndiyo maana huniuma kuona mtoto mdogo akipewa mchicha wa chukuchuku kwa imani kwamba mafuta si mazuri kwake. Kijiko kimoja cha mafuta kinatosha. Mchicha wa nazi na kisamvu kilichoungwa kwa karanga vina kila kinachohitajika. Mawese ya Kigoma yana nafasi ya pekee, kwa kuwa wekundu wake ni karotini iliyokwisha kuyeyuka ndani ya mafuta. Ukiyaunguza mpaka yakapauka, umeichoma.

Viazi vitamu vyeupe karibu havina kabisa rangi hii. Viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vinayo tele. Mwaka 2016 Robert Mwanga wa Uganda, pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya kuongeza virutubisho katika mazao, viazi hivi vikiwa mfano mkuu. Wanaokausha michembe ya viazi lishe wazingatie kwamba vile vifungo maradufu huharibiwa na mwanga na hewa. Kausheni kivulini penye upepo, kisha hifadhini mahali penye giza, kwenye chombo kinachofungwa vizuri.

Kuhusu magadi, nawasihi tuyapunguze. Katikati ya klorofili, yaani rangi ya kijani ya majani, pana atomi ya magnesiamu. Mboga ikichemka, asidi ya majani huing'oa, haidrojeni hukaa mahali pake na kijani hufifia. Magadi huiua asidi hiyo, mboga ikang'aa na kulainika upesi, lakini vitamini C na vitamini B1 hupotea kwa wingi. Afadhali kupika kwa muda mfupi na kuacha sufuria wazi dakika za mwanzo, asidi itoke na mvuke.

Wekundu wa rozela ni wa ukoo mwingine, anthosianini, nao huyeyuka katika maji. Kuloweka tu kunatosha. Ndimu huuchangamsha, na magadi huugeuza kuwa bluu au kijani. Sukari inayojazwa kwenye juisi hiyo ndiyo ya kuangalia.

Naulizwa mara nyingi kuhusu vidonge vya rangi za mimea. Nchini Finland wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walifuatiliwa kwa miaka kadhaa, wengine wakipewa vidonge vya beta-karotini. Ilitarajiwa saratani ya mapafu ipungue. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionyesha kuwa kwa waliomeza vidonge hivyo iliongezeka kwa asilimia 18. Utafiti mwingine wa Marekani ulisimamishwa mwaka 1996 kabla ya wakati wake kwa sababu ya dalili hizohizo. Kwa hiyo anayevuta sigara asinunue vidonge vya beta-karotini, hata kama muuzaji anaviita vya asili. Ale papai, viazi lishe na mchicha ulioungwa.