Kanuni ya mavazi inapogeuka hukumu ya mwili wa mbunge mwanamke

Mnamo Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alitangaza mavazi yasiyoruhusiwa katika majengo ya Bunge jijini Nairobi. Gumzo likaangukia suti ya Kaunda, ile isiyovaliwa na tai, iliyokuwa kati ya yaliyokatazwa, kwa kuwa Rais William Ruto alikuwa amezoea kuivaa. Mjadala ukawa wa siasa na Uafrika. Maadili ya wanaume wanaoivaa hayakuwa hoja. Sehemu iliyowahusu wanawake haikuvuma hivyo, nayo ndiyo inayostahili kusomwa polepole.

Mwanamume alitajiwa vitu: koti, shati lenye kola na mikono mirefu, tai, suruali ndefu, soksi, viatu. Akiwa navyo, ukaguzi umekwisha. Mwanamke aliambiwa sketi au gauni lipite magoti na liwe la heshima, na blauzi isiyo na mikono isiingie. Magoti na mikono vinaonekana na kila mtu. Heshima je, nani anaipima? Chukua gauni moja, kitambaa kilekile, urefu uleule. Likivaliwa na mwanamke mwembamba, linapita bila neno. Likivaliwa na mwenye nyonga pana, anaambiwa linabana. Nguo haijabadilika, ila mwili. Kila kanuni inayotegemea neno la sifa badala ya kipimo huishia hapo: anayehukumu anapewa ruhusa ya kumtazama mwanamke kwa muda anaotaka na kuamua anavyojisikia.

Matokeo yake yameonekana hata kwa majirani. Tarehe 1 Juni 2021, jijini Dodoma, mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa ukumbini na Spika Job Ndugai baada ya mbunge mwanamume kusimama kulalamikia suruali aliyovaa. Suruali hiyohiyo kwa mwanamume ni sharti.

Katiba ya Kenya ya 2010 haikulisahau jambo hili. Kifungu cha 27(4) kinaikataza Serikali kumbagua mtu kwa misingi kadhaa, na mavazi yametajwa humo waziwazi, pamoja na jinsia, dini na utamaduni. Kifungu kidogo cha 27(5) kinamkataza hata mtu binafsi. Kwa hiyo bunge la kaunti linaloandika kanuni zake lina wajibu wa kutaja vitu kwa mwanamume na mwanamke, kwa mfano: koti au blauzi yenye mikono, suruali ndefu, au sketi inayofunika magoti mtu akiwa amesimama, viatu vilivyofunika vidole, kitenge na vazi la dini vikubalike. Maneno kama “ya heshima”, “yasiyobana” na “yasiyovuta macho” yafutwe. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linamtwika mvaaji mzigo wa macho ya mwingine.

Vyombo vya habari vina kosa lao, nalo huja likiwa limevaa sura ya sifa. “Mheshimiwa aling'ara kwa gauni la buluu” inaonekana haina ubaya wowote. Mwaka 2013, mashirika mawili ya Marekani, Women's Media Center na She Should Run, yalichapisha utafiti uliohoji wapiga kura 1,500. Habari ilipogusia mwonekano wa mgombea mwanamke, alipoteza kuungwa mkono, iwe maelezo yalimsifu, yalimponda au hayakuegemea upande wowote. Mpiga kura aliyeelekezwa kwenye gauni anabaki na nafasi ndogo ya kumfikiria kama mtu anayeweza kazi. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba mgombea aliyejibu, akasema mwonekano wake hauna nafasi katika habari hiyo, alirudisha sehemu ya alichopoteza. Ushauri wanaopewa wagombea wengi hapa kwetu, kwamba wanyamaze wasiwape watu kiki, unastahili kuangaliwa upya. Jibu la sentensi mbili linatosha: taja kwamba swali ni la mavazi, kisha rudi kwenye bajeti ya maji au hospitali uliyokuwa ukiieleza.

Mhariri naye ana kipimo rahisi. Ondoa jina la mwanamke, weka la mwanamume wa cheo hichohicho, usome tena. Sentensi ikichekesha, ifute. Fanya hivyo pia kwenye picha: kama wenzake wanaume wametolewa wakiwa kwenye kipaza sauti, usimchagulie yeye picha iliyopigwa kutoka chini au inayoonyesha viatu. Ipo hali moja ambapo nguo ni habari halali, nayo ni pale mvaaji mwenyewe anapoifanya ujumbe. Februari 2023, Seneta Gloria Orwoba aliingia ukumbini akiwa na suti nyeupe yenye doa jekundu wakati akipigania sodo za bure kwa wasichana wa shule. Spika Amason Kingi akamtaka atoke akabadilishe. Doa hilo lilipaswa kuandikwa, mradi habari isiishie kwenye doa na kuziacha sodo.

Mwananchi aliyeona ubaguzi wa aina hii anaweza kuandikia Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa. Ukiwa unalalamikia habari, peleka kwa Baraza la Vyombo vya Habari, ukiambatisha tarehe, jina la chombo na maneno kamili yaliyotumika. Lalamiko lisilo na maneno yenyewe ni gumu kushughulikia.

Kwa spika wa bunge la kaunti, utaratibu ni mfupi. Mtu akisimama kwa hoja ya nidhamu kuhusu mavazi ya mwenzake, mtake ataje nambari ya kanuni na kitu kinachokosekana. Akishindwa, mkalishe, mjadala uendelee. Akitaja, afisa wa kike azungumze na mhusika faraghani, nje ya ukumbi, na zamu yake ya kuchangia ihifadhiwe mpaka arudi. Katika Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, iandikwe nambari ya kanuni tu, bila neno lolote kuhusu umbo lake.