Kukata mti kichwa si kupogoa

Kupogoa ni kuondoa tawi moja moja kwa sababu inayojulikana: limekauka, linasuguana na mwenzake, au linagonga bati la jirani. Kukata mti kichwa ni kupita na msumeno kimo kimoja, kilele na matawi manene yote yaondoke, vibaki vigutu. Hapa Malindi utasikia watu wakisema "kuunyoa", na neno hilo ndilo linalopotosha, kwa kuwa nywele hazimlishi mtu. Majani ndiyo jiko la mti.

Jirani yangu aliunyoa mwarobaini wa uani kwake kwa kuogopa upepo wa kusi. Wiki chache baadaye ukachipua kama ufagio, akaniita: "Njoo uone, ndugu yangu, umenawiri kuliko mwanzo!" Sikumlaumu; mwarobaini ni hodari wa kudanganya. Yale machipukizi ni mti unaohaha. Umenyang'anywa jiko lake kwa siku moja, basi unachota akiba ya chakula iliyomo kwenye shina na mizizi, unayaamsha macho yaliyolala chini ya gome ili upate majani upesi. Akiba ikipungua, nguvu za kupambana na wadudu na kuvu nazo hupungua.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni jinsi machipukizi hayo yanavyoshika. Tawi la kawaida limekua pamoja na shina mwaka hadi mwaka, nyuzi zikafumana. Chipukizi la kigutu limeshika juujuu tu. Likifika unene wa mkono, na kigutu chini yake kinaoza, upepo hulibandua. Yaani aliyekata ili tawi lisimwangukie amejitengenezea mengi ya kumwangukia. Mwaka wa tatu nilipanda ngazi kwa jirani yule: kigutu kimoja kimekuwa bakuli, kimejaa maji meusi na viluwiluwi vya mbu. Nilipokibonyeza kwa kidole kiliingia ndani kama mkate uliolowa chai.

Kidonda cha mti hakiponi kama cha ngozi. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani aliyepasua maelfu ya magogo, alionyesha kwamba mti huizungushia ukuta sehemu iliyooza, kisha ukakua juu yake. Kidonda kidogo huwahi kuzibwa. Kigutu cha unene wa paja, kuvu hutangulia. Kukipaka rangi au lami ni kukificha tu. Gome nalo, lililozoea kivuli, likianikwa juani ghafla huungua na kupasuka.

Kuna na umbo. Uwanja ulio mbele ya ngome ya Lamu unaitwa Mkunguni, yaani penye mti wa mkungu, na mkungu hupanga matawi yake ghorofa juu ya ghorofa. Ukiukata kichwa, ghorofa hizo hazirudi.

Ikibidi kukata, tafuta uvimbe kama pete pale tawi linapotokea. Kata nje kidogo ya pete hiyo; usiijeruhi, wala usiache kigutu. Tawi zito lianze kukatwa upande wa chini, mbali kidogo na shina, lisije likaanguka na kuchuna gome. Usiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mwaka, na kwa mti mzee hata robo ni nyingi. Fundi akikuuliza, "Nishushe hadi wapi?", usimtajie kimo. Mwonyeshe tawi.