Kupigwa bani kwenye gemu ni kufanyiwa nini hasa?

Unafungua gemu jioni, unasubiri ipakie, na badala ya uwanja unakuta mstari mmoja: akaunti hii imefungiwa. Pengine kuna tarehe ya mwisho, pengine hakuna. Sababu, ikiwepo, ni maneno matatu tu, "ukiukaji wa kanuni". Ukimpigia mwenzako simu utamwambia umepigwa bani, au umekula bani, na yeye swali lake la kwanza litakuwa: umefanya nini?

Bani ni uamuzi wa mwenye gemu, au mwenye seva (kompyuta inayoendesha mchezo), kumzuia mtu asiingie. Mara nyingi akaunti yenyewe haifutwi. Silaha na mavazi uliyoyalipia yanabaki mle ndani, ila mlango umefungwa na ufunguo hauko kwako. Kuhusu pesa, soma masharti uliyoyakubali bila kuyasoma: kampuni nyingi zimeandika kwamba ulipewa ruhusa ya kutumia vitu hivyo, hukuvinunua.

Kabla ya bani zipo adhabu ndogo. Kuna kunyamazishwa, ambapo unacheza lakini huandiki wala husemi. Kuna kutolewa kwenye mechi ukaruhusiwa kurudi, na kuna kusimamishwa siku kadhaa. Mwisho kuna kufungiwa maisha, kama mashabiki wa mpira wanavyolijua neno hilo. PUBG Mobile hutoa miaka 10 kwa anayekamatwa na programu za kuchiti, yaani za kushinda kwa udanganyifu. Kijana wa kidato cha pili akiipiga hesabu hukumu hiyo, inakwisha akiwa ameshaoa.

Ukiambiwa umefungiwa, ulizia kilichofungiwa. Ikiwa ni akaunti, unaweza kufungua nyingine, ingawa kanuni nyingi zinahesabu hilo kama kosa la pili. Ikiwa ni kifaa, hata akaunti mpya haitaingia kwenye simu au kompyuta hiyo, na ole wake atakayeinunua mtumba bila kujua. Ikiwa ni anwani ya IP, namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti, basi hapo pana kichekesho ambacho sisi tunakijua kuliko wenye seva walioko mbali.

Mitandao mingi ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP. Mwenye seva anaona mtu mmoja msumbufu, anafungia anwani yake, anaenda kulala. Kumbe msumbufu amezima data, akawasha tena, akapata anwani nyingine, na sasa hivi yuko ndani anaendelea. Anayebaki nje ni mtu wa Mbagala ambaye hajawahi kutukana hata mdudu, kwa sababu mtandao umempa anwani iliyoachwa. Ndivyo ilivyo kwenye vibanda vya gemu na intaneti kafe pia: mmoja anachiti asubuhi, meza nzima inafungiwa mchana. Ukijieleza kwamba hukufanya kitu, unaonekana mwongo, maana kwa macho ya seva wewe na yule ni mtu mmoja.

Ugomvi mwingi unaofuata bani huchanganya maswali mawili ambayo yanapaswa kutenganishwa. La kwanza: je, kitendo kilifanyika, na aliyekifanya ni huyu? La pili: kama kilifanyika, adhabu hii inalingana nacho? Mtu aliyefungiwa mwaka mzima kwa tusi moja analalamika "mmenionea", na moda, yaani msimamizi wa seva, anamjibu kwa picha ya skrini inayoonyesha tusi. Wote wawili wanasema kweli na hawajibizani. Mmoja anazungumzia ukubwa wa adhabu, mwingine anathibitisha kosa. Wanaweza kwenda hivyo mpaka alfajiri.

Swali la kwanza likikosewa, mfano wake mkubwa ni wa Julai 2010. Kampuni ya Valve ina mfumo unaoitwa VAC, ulioanza mwaka 2002, unaokagua kompyuta ya mchezaji kutafuta programu za kuchiti. Bani yake haina tarehe ya mwisho, na inaonekana kwenye wasifu wako kwa kila anayepita. Tena haishuki papo hapo. Mfumo hukaa na ushahidi siku au wiki, kisha ukafungia watu kwa mafungu, ili watengenezaji wa programu hizo wasijue kilichowafichua ni kipi. Mbinu nzuri, lakini kwa mchezaji maana yake ni kwamba unahukumiwa leo kwa jambo la mwezi jana.

Mwezi huo wa Julai wachezaji wapatao 12,000 wa Call of Duty: Modern Warfare 2 walifungiwa bila kosa lolote. Steam, duka la gemu la Valve, ilikuwa inasasisha faili la gemu kwenye diski huku nakala ya zamani ingali kwenye kumbukumbu ya kompyuta. VAC ikalinganisha nakala mbili, ikaona hazifanani, ikaamua kwamba mtu kachezea faili. Mkuu wa Valve, Gabe Newell, aliwaandikia kuwaomba radhi, bani zikaondolewa, na kila mmoja akapewa gemu ya Left 4 Dead 2 na nakala nyingine ya kumzawadia rafiki. Lakini jiweke mahali pao kabla barua haijafika. Ungejitetea vipi? "Sijachiti" ndiyo sentensi ileile anayoiandika kila aliyechiti.

Swali la pili, la adhabu, lilimkuta mchezaji wa Hearthstone, gemu ya karata ya kampuni ya Blizzard, kutoka Hong Kong, Ng Wai Chung, anayejulikana kama Blitzchung. Oktoba 2019, kwenye mahojiano baada ya mechi, alivaa barakoa ya gesi na kutamka kaulimbiu ya waandamanaji wa Hong Kong. Hakuna aliyebisha kama alitamka, dunia ilimwona. Blizzard ilimfungia mashindano kwa miezi 12 na kumnyima zawadi ya fedha, na watangazaji wawili waliokuwa wakimhoji nao wakaadhibiwa. Kelele zikapanda. Siku chache baadaye adhabu ilishushwa hadi miezi sita na fedha zikarudishwa, lakini kelele hazikuisha: baada ya hapo wabunge wa Marekani wa vyama vyote viwili waliiandikia kampuni. Kanuni iliyotumika ilimkataza mchezaji kufanya jambo litakalokera sehemu ya umma au kuharibu sura ya kampuni. Kanuni pana namna hiyo haimwambii mtu mapema asifanye nini. Inamwachia mwenye nayo aamue baadaye, na kwa maoni yangu hapo ndipo kosa la Blizzard lilipoanzia, hata kabla ya kufika kwenye idadi ya miezi.

Nani ahukumu, basi? Riot Games walijaribu kuwapa wachezaji wenyewe kazi hiyo. Kuanzia 2011 hadi 2014 gemu yao, League of Legends, ilikuwa na baraza ambapo wachezaji walisoma maongezi ya mtuhumiwa na kupiga kura aadhibiwe au asamehewe. Counter-Strike nayo mwaka 2013 ilianza kuwapa wachezaji wenye uzoefu vipande vya mechi wavitazame, jina la mtuhumiwa likiwa limefichwa. Kuficha jina naona ndiyo busara kubwa kuliko zote humo, maana nusu ya uonevu kwenye gemu huanza na "aah, huyu namjua".

Ulaya sheria imeingilia kati. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, inayotumika kikamilifu tangu 17 Februari 2024, inataka mtumiaji anayefungiwa kwa sababu ya alichoandika au kuweka aelezwe sababu mahususi. Majukwaa yasiyo madogo yanatakiwa pia kuwa na njia ya kulalamika, na malalamiko yasiamuliwe na mashine peke yake. Binamu yako wa Rotterdam anaweza kuidai haki hiyo. Wewe wa Mwanza, fomu ya rufaa ndiyo yako.

Rufaa yenyewe ni ombi la uamuzi kuangaliwa upya, na inayosikilizwa huwa fupi. Taja jina la akaunti, siku na saa, na useme unapinga lipi: tendo au adhabu. Ukikiri kosa na kuomba muda upunguzwe, sema hivyo bila kuzunguka. Kumtukana moda kwenye rufaa ya kesi ya matusi, hilo nimeliona zaidi ya mara moja.

Nimeliona kwa sababu nilikuwa moda mwenyewe, kwenye seva ndogo ya Minecraft, gemu ya kujenga kwa vitofali, yenye watu kama arobaini, wengi wao wanafunzi. Asubuhi moja ghala la rafiki yangu lilikutwa limebomolewa na almasi zimekwenda. Seva yetu ilikuwa na programu inayoandika nani kagusa kitofali gani na saa ngapi. Nikagonga ukuta, jina likatokea: saa nane usiku, kijana mmoja mpole wa siku zote. Nikamfungia maisha palepale. Nilijiona nimetenda haki ya haraka.

Kesho yake rufaa ikaingia. "Shikamoo kaka moda. Sikuwa mimi, ni binamu yangu kaja likizo, alichukua simu nikiwa nimelala." Kisingizio cha binamu kina umri sawa na gemu zenyewe, nikataka kucheka. Kisha nikakumbuka kwamba kumbukumbu ya seva inataja akaunti, mkono hauuoni. Na mlalamikaji ni rafiki yangu, mkamataji ni mimi, hakimu ni mimi, na rufaa imekuja kwangu. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Nikampa moda mwingine aisikilize. Hakujishughulisha na binamu kabisa. Alisema kanuni yetu inamfanya mwenye akaunti awajibike kwa kila kinachofanywa nayo, kwa hiyo kosa lipo. Ila ni la kwanza, na kwa kosa la kwanza tumeandika wiki moja. Maisha niliyatoa wapi? Sikuwa na jibu. Kijana alirudi baada ya siku saba, akarudisha almasi zote, akajenga ukuta upya usiku kucha kwa mawe mazuri kuliko ya mwanzo.

Rafiki yangu hakuukubali uamuzi. Alihama seva wiki hiyohiyo, na ghala lile lilibaki wazi, almasi zikiwa ndani.