Mazizi ya mawe ya Uskoti si mahekalu ya kale

Katika makundi ya kuchati huzunguka picha ya ukuta wa mawe wa mviringo kwenye Nyanda za Juu za Uskoti, ikiambatana na dai kwamba hilo ni hekalu lililojengwa maelfu ya miaka iliyopita. Kuta za namna hiyo kwa kawaida ni mazizi ya kondoo, na mengi yalijengwa katika karne ya 18 na ya 19, wamiliki wa ardhi walipowaondoa wakulima wadogo ili kupisha ufugaji mkubwa wa kondoo. Baadhi yalijengwa kwa mawe ya nyumba za waliofukuzwa, na kwangu historia hiyo ina uzito kuliko hadithi yoyote ya makuhani.

Anayetaka kuhakiki na atazame ramani za karne ya 19 zinazopatikana mtandaoni, ambazo mara nyingi huyaandika wazi kuwa mazizi. Achunguze pia umbo: zizi lina ukuta unaoendelea na mlango mwembamba, ilhali duara la kale huwa na mawe yaliyosimama mojamoja, yakiwa na nafasi kati yake.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu kuta hazina chokaa wala saruji, nazo zimeota kuvu na ukoga, ingawa ujenzi huo unaendelea hata leo. Isitoshe, makaburi ya kale kweli yapo, kama yale ya Clava karibu na Inverness, yenye umri wa takriban miaka 4,000. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.