Diski mbili, Windows moja: chomoa ya pili kabla hujaanza kusanikisha

Swali linalorudi sana mezani kwangu ni hili: "Fundi, Windows iko kwenye SSD, nimetoa ile HDD ya zamani tu, mbona mashine haiwaki?" Hapo sihitaji hata kufungua kifuniko. Ni kweli Windows iko kwenye SSD (diski mpya ya kasi), ila faili za kuiwasha zilikuwa kwenye HDD (diski ya zamani inayozunguka), nazo zimeondoka nayo.

Kwenye mashine za UEFI (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta, mrithi wa BIOS), yaani karibu zote zilizotoka tangu enzi za Windows 8, mfumo haukai kwenye patisheni (kipande cha diski) moja. Kuna C unayoiona kila siku, na kuna patisheni ndogo iliyofichwa, yenye mpangilio wa faili wa FAT32, mara nyingi MB 100, inayoitwa EFI. Mashine ikiwaka haiitafuti C. Inatafuta hiyo ndogo, ambayo ndiyo inayoielekeza Windows iko wapi. Sasa ukipiga (ukisanikisha) Windows huku diski zote mbili zimechomekwa, unaulizwa Windows iwekwe wapi, lakini huulizwi faili za kuwashia ziende wapi. Ikikutwa EFI tayari kwenye diski nyingine, mara nyingi hutumiwa hiyohiyo, mpya haitengenezwi. Dalili huoni. Kila kitu kinakwenda vizuri hadi siku HDD inakufa au unaihamishia mashine nyingine.

Watu wa Ubuntu (mfumo wa Linux) msicheke. Kisanikishi chake kilichotumika miaka mingi kilikuwa na kasoro kama hiyo: unachagua kabisa diski ya kuweka GRUB (programu yake ya kuwashia), na kwenye UEFI inakwenda kwenye EFI ya kwanza iliyoonekana.

Kwa hiyo mimi huchomoa HDD kabla ya kupiga Windows. Desktop ni kazi ndogo, unavuta waya wa SATA wa HDD basi. Laptopu zetu nyingi za mtumba HDD imehamishiwa kwenye kibebeo kinachokaa nafasi ya DVD: skrubu moja, unavuta, kimetoka. (SSD iwe ndiyo iliyokaa nafasi kuu ya diski, kwa sababu kwenye laptopu nyingi za zamani njia ya DVD ni ya polepole.) Ukilazimika kufungua kifuniko chote, tenganisha betri kwanza. Na baadhi ya BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine) zinakuruhusu kuzima tundu la SATA bila kushika bisibisi.

Huwezi kuchomoa? Basi angalau jua unafuta nini. Kwenye orodha ya diski unayoonyeshwa wakati wa kusanikisha, usiamini namba za Disk 0 na Disk 1, maana mpangilio wake haufuati matakwa yako. Angalia ukubwa: SSD ya GB 256 itaonekana kama 238, ya 500 kama 465, na ya TB 1 kama 931. Nimeona picha za harusi za watu zikifutwa kwa haraka ya kubonyeza "Delete" kwenye mstari usio wake. Kama HDD imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows la kulinda data), hakikisha una ule ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kugusa chochote, kwa sababu Windows mpya itauomba.

Na kama umeshapiga, usirudie kazi yote. Fungua Disk Management uone "EFI System Partition" iko diski gani. Ikiwa iko kwenye HDD, na SSD ni ya GPT (mpangilio mpya wa patisheni), acha zote mbili zimechomekwa, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika diskpart, kisha mstari kwa mstari:

select volume C
shrink desired=260
create partition efi size=260
format quick fs=fat32
assign letter=S
exit

Halafu:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Zima, chomoa HDD, washa. Ikiwaka, umemaliza. Isipowaka, ingia BIOS uweke "Windows Boot Manager" ya SSD juu kwenye orodha ya kuwashia. Kama SSD ni ya MBR (mpangilio wa zamani), hii haifai. Inabidi kwanza ugeuzwe mpangilio wa diski, na hapo bekapu haina mjadala.

HDD ikisharudi mahali pake, iache iwe stoo. Bofya kulia folda ya Documents, Pictures au Downloads, nenda Properties, kisha Location, uihamishie D, yaani HDD. Tengeneza folda kwanza, mfano D:\Nyaraka, ndipo uielekeze humo. Ukiielekeza D:\ yenyewe, Windows itaigeuza diski nzima kuwa Documents, na kuirudisha ilivyokuwa ni usumbufu wa mchana mzima. Program Files (folda ya programu) iache C, hata wakwambie nini kwenye YouTube.