Nyumba ya Enzi ya Victoria Mtaani Dalston: Ukarabati Husomwa Nyuma ya Lipu

Hivi karibuni bwana na bibi mmoja, wenyeji wa Mombasa walioishi London miaka mingi, waliniomba niwakagulie nyumba iliyotangazwa kuuzwa mtaani Dalston, wilaya ya Hackney. Tangazo la dalali lilisema ni nyumba ya familia ya enzi ya Malkia Victoria, iliyokarabatiwa kikamilifu, karibu na studio za wasanii, kumbi za muziki na soko la Ridley Road. Kazi yangu ni ukaguzi wa majengo, na neno linalonipa shughuli kuliko yote katika matangazo ya namna hii ni hilo la "kikamilifu". Jiko jipya, rangi nyeupe na sakafu ya mbao iliyosuguliwa huonyesha kwamba fedha zimetumika. Hazionyeshi kama aliyezitumia aliielewa nyumba yenyewe.

Safu za nyumba za upande huu wa London nyingi zilisimamishwa katikati na mwishoni mwa karne ya 19 na wajenzi waliokodi ardhi kwa wamiliki wakubwa, wakajenga mtaa kipande kwa kipande wakitarajia faida. Zilikusudiwa familia za makarani na wafanyabiashara wa wastani. Karne iliyofuata nyingi ziligawanywa vyumba na kupangishwa kwa bei nafuu, na unafuu huo ndio uliowaleta wachoraji, wanamuziki na wanaharakati; mchoro mkubwa wa ukutani wa mwaka 1985, unaoonyesha maandamano ya amani ya Hackney, bado unaonekana barabara ya Dalston Lane. Mwaka 2010 stesheni mpya ya Dalston Junction ilifunguliwa, bei zikapanda, na nyumba zilizokuwa zimekatwa vipande zikaanza kuunganishwa tena ziuzwe kwa familia. Mkaguzi huyakumbuka hayo yote kwa sababu moja: kuta za nyumba kama hii zimekatwa, zimezibwa na kukatwa tena na watu ambao hawakuwahi kuonana.

Tuanze na ukuta. Nyumba hizi hazina kuta pacha zenye nafasi ya hewa katikati kama za siku hizi. Ukuta wa nje ni wa matofali mazima, unene wa inchi 9 hivi, na utautambua ukitazama mpangilio wake: tofali moja limelala ubavu, la pili limeonyesha kichwa, kwa sababu limelazwa kukatiza unene wa ukuta wote. Tofali la London la wakati huo ni la manjano lenye madoa meusi, kwa kuwa udongo wake ulichanganywa na chaki pamoja na majivu ya taka za mjini. Lilijengewa kwa chokaa, na ndani lilipigwa lipu ya chokaa. Mvua ikipiga, ukuta hunywa maji kidogo. Jua na upepo vikija, maji hutoka kupitia viungo vya chokaa vilivyo kati ya tofali na tofali, ambavyo ni laini kuliko tofali. Ukuta haukukusudiwa kuzuia maji yasiingie kabisa. Ulikusudiwa kuyaachia yatoke.

Msomaji aliyekulia Unguja au Lamu hahitaji kufafanuliwa sana hapo. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na mafundi wa kule wanajua kinachotokea mtu akiubandika ukuta wa chokaa lipu ya saruji: unyevu hunaswa ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya saruji, na baada ya misimu michache lipu hubanduka kama gamba ikiondoka na vipande vya jiwe. Saruji ngumu kwenye viungo vya tofali la London huleta maafa yale yale. Maji yakishindwa kupita kwenye kiungo hupita kwenye tofali, baridi ya Januari huyagandisha, nayo barafu huumenya uso wa tofali. Kwa hiyo kifaa changu cha kwanza ni ufunguo wa mlango. Nikikwaruza kiungo na kikatoa unga mweupe, nafurahi; ufunguo ukiteleza na kulia, naanza kuandika.

Katika nyumba hii ufunguo ulilia upande wote wa mbele. Ndani, chini ya dirisha kubwa lililotokeza barabarani, rangi ilikuwa mpya na safi kabisa, lakini kipima unyevu kilipanda hadi kimo cha goti, kisha kikashuka. Dalali alinionyesha hati ya dhamana ya dawa iliyodungwa ukutani kuzuia unyevu unaopanda kutoka ardhini. Sikubishana naye, nilitoka nje nikasimama mbele ya nyumba ya jirani, ambayo imejengwa na mkono ule ule kwa vipimo vile vile. Kwa jirani, matofali yenye matundu ya hewa, yale yanayopeleka upepo chini ya sakafu ya mbao, yalionekana wazi kozi mbili, yaani safu mbili za matofali, juu ya ardhi. Kwa upande wetu hayakuonekana kabisa. Aliyekarabati alikuwa ameinua uwanja mdogo wa mbele kwa zege na vigae vya kupendeza, akazifukia kozi hizo mbili pamoja na matundu yake. Niliporudi ndani na kuomba ubao mmoja wa sakafu uinuliwe, harufu ya uyoga ilitutangulia, na ncha ya boriti iliyoingia ukutani ilipokea bisibisi kama muhogo uliochemshwa. Dawa ya ukutani haikuwa na kosa wala msaada; kilichohitajika ni sururu ya kuteremsha lile zege.

Sehemu ya pili iliyonichukua muda ni pale ukuta kati ya sebule mbili za chini ulipoondolewa ili upatikane ukumbi mmoja mpana. Ni jambo la kawaida, na likifanywa vizuri hupendeza. Ukuta huo, hata hivyo, mara nyingi ndio unaobeba boriti za sakafu ya juu, kwa hiyo mahali pake huwekwa boriti ya chuma iliyopigiwa hesabu na mhandisi, na kazi hupewa cheti cha ukamilishaji chini ya kanuni za ujenzi. Iwapo boriti imeegemea ukuta unaotuhusu sisi na jirani, Sheria ya Kuta za Pamoja ya mwaka 1996 inadai jirani ataarifiwe kabla ya kazi kuanza. Muuzaji hakuwa na cheti, badala yake akajitolea kununua bima. Mawakili huikubali bima hiyo kila siku, nami siwalaumu, maana inamkinga mnunuzi na gharama endapo halmashauri itachukua hatua. Ila bima haibebi ghorofa. Niliandika kwamba dari litobolewe na boriti ionekane kabla ya mkataba kusainiwa. Vivyo hivyo kwa dohani: jikoni chini sehemu yake ilikuwa imebomolewa ili kabati zipate nafasi, hali matofali ya dohani hiyo hiyo bado yanaonekana juu ya paa, na lazima kuna kitu kinachoyashikilia huko katikati.

Paa lilikuwa zuri, na nilisema hivyo. Vigae vya sleti vilikuwa vimerudishwa vya asili, hawakuweka vigae vya zege ambavyo uzito wake huzilemea kenchi za zamani.

Bibi aliniuliza kuhusu baridi, kwani cheti cha nishati, kinachoipa nyumba daraja kuanzia A iliyo bora hadi G, kiliipa nyumba hii daraja D, naye alitaka kuhami kuta kwa ndani zisipoteze joto. Inawezekana, lakini vipande vya povu vyenye karatasi ya alumini vikibandikwa vibaya juu ya ukuta wa matofali mazima huuacha ukiwa baridi na umezibwa, na mvuke wa chumbani hugeuka maji mahali usipoweza kupafuta. Mimi hupendelea mbao za nyuzi za miti zilizopigwa lipu ya chokaa, ambazo kwa unene ule ule huhami pungufu kuliko povu, lakini huruhusu mvuke kupita. Na kabla ya hapo, zibeni mianya ya madirisha ya kusukuma juu na chini. Mengi yanatengenezeka, hayahitaji kung'olewa.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki na Ghuba wanaoniandikia kuhusu gharama, jibu fupi: kwa viwango vya England na Ireland ya Kaskazini vilivyoanza tarehe 1 Aprili 2025, nyumba ya pauni 1,500,000 hutozwa kodi ya ununuzi ya pauni 93,750, asiye mkazi huongezewa asilimia 2 ya bei, na anayemiliki nyumba nyingine huongezewa asilimia 5.

Wateja wangu wa Mombasa hawakuiacha nyumba. Bei ilipunguzwa, na zege la mbele litateremshwa kabla ya wao kuhamia. Wameniuliza lini wanaweza kupiga lipu mpya chini ya lile dirisha. Ukuta kama huu, ukishafunguliwa, kwa makadirio ya mafundi hukauka inchi moja kwa mwezi, na wao wana inchi 9. Nimewashauri waondoe lipu ya jasi hadi kimo cha kiuno, wayaache matofali wazi hadi kiangazi kipite, kisha wamwite mwashi wa chokaa.