Unataka kuwania MCA kama mgombea huru? Anza na sajili ya vyama

Uchaguzi wa Kenya wa 10 Agosti 2027 ukikaribia, wananchi wanazidi kutangaza kwamba watawania uwakilishi wadi (MCA), yaani kiti cha bunge la kaunti, bila chama. Katiba inawaruhusu. Kinachotutia wasiwasi ni kwamba baadhi yao wameanza na mabango ilhali bado ni wanachama wa vyama, na wengine hata hawajui kwamba ni wanachama.

Kifungu cha 85 cha Katiba kinataka mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kilichosajiliwa, na awe hajakuwa mwanachama kwa angalau miezi 3 kabla ya siku ya uchaguzi. Ni siku ya kupiga kura inayohesabiwa, wala si siku ya kupeleka karatasi za uteuzi. Mwaka 2022 kura zilipigwa 9 Agosti, hivyo mwisho ulikuwa 9 Mei. Tarehe rasmi za safari hii atazingoja kila mtu kutoka kwa tume ya uchaguzi, IEBC, lakini usikubali Mei ikukute chamani.

Tafadhali usije na maneno ya "mimi sina kadi." Kinachoangaliwa ni sajili. Mwaka 2021 Wakenya wengi walilalamika baada ya kukuta majina yao katika vyama wasivyovijua. Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, fungua huduma za Msajili wa Vyama vya Kisiasa, ujiangalie. Ukijikuta ndani, jiuzulu kwa maandishi. Kujiuzulu huanza kufanya kazi notisi inapopokelewa, kwa hiyo hifadhi nakala yenye muhuri na tarehe. Baada ya hapo chama kina siku 7 kumjulisha Msajili. Fuatilia, usidhani wamefanya. Kuivua kofia ya chama mbele ya umati hakufuti jina popote, na hili tumelieleza mara nyingi mno. Aliye MCA kwa tikiti ya chama akumbuke kwamba akijiuzulu chama, kiti chake kinabaki wazi.

Kisha kuna wapiga kura 500 wa kukuunga mkono, nao lazima wawe wamesajiliwa katika wadi hiyohiyo. Binamu aliyejiandikisha wadi jirani hahesabiki, hata akilala kwako kila siku. Kusanya zaidi ya 500, kwa kuwa wapo watakaokosekana daftarini. Kuwatilia watu saini ni kosa la jinai.

Ukishinda kisha ukajiunga na chama, Kifungu cha 194 kinakunyang'anya kiti, na wadi yako inarudi kwenye uchaguzi mdogo.

Jambo moja zaidi, hasa kwa akina mama wanaozunguka mitaa wakimpigia kampeni mgombea huru baada ya kuahidiwa kuteuliwa katika bunge la kaunti. Viti maalum vya bunge la kaunti hugawiwa vyama kulingana na viti vya wadi vilivyoshinda. Mgombea huru hana orodha anayowasilisha, hivyo hana kiti cha kumpa mtu yeyote.